Lita 22 za Mazutu Kati ya Lubumbashi na Kolwezi: Uchambuzi wa Gari Moja

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa mazutu, yaani mafuta ya dizeli, lakini ulipofika kwetu ulikuwa umeshageuka kuwa ugomvi wa uaminifu. Mkandarasi mmoja wa Lubumbashi, anayepeleka vipuri na vyakula kwenye kambi za migodi ya Kolwezi, alikuwa ameanza kumkata dereva wake sehemu ya mshahara. Land Cruiser ya kampuni, ambayo zamani ilikwenda Kolwezi na kurudi kwa lita 75, sasa ilikuwa inamaliza lita 97 kwa safari ileile. Kilichomkasirisha mwenye gari zaidi si lita peke yake, bali kilomita: daftari lilionyesha kwamba safari iliyokuwa ikiandikwa kilomita 600 sasa inaandikwa 550. Kwa hesabu yake, dereva alikuwa anakatiza njia, anapaki mahali, anawauzia mazutu wale Kadhafi, wachuuzi wa mafuta ya bidoni kando ya barabara, kisha anarudi mjini na risiti mkononi. Dereva alikuwa na jibu moja tu, na alilirudia mbele yetu bila kupandisha sauti: "Papa, mimi sikugusa mazutu yako hata kidogo. Gari ndilo linakunywa."

Hakuna aliyekuwa amehusisha mabadiliko hayo na kazi iliyofanywa kwenye gari miezi michache kabla, lilipopelekwa garajini ili liandaliwe kwa barabara za udongo za upande wa Kasenga na Pweto. Mwenye gari alikuwa anapanga kupanua biashara kuelekea mto Luapula na hakutaka kukwama kwenye matope ya masika. Gari lilitoka garajini likiwa limeinuka, limepanuka na limeongezwa chuma kila upande, na tangu siku hiyo limekwenda Kasenga mara chache sana. Kilomita zake karibu zote zimeendelea kuwa za lami, za barabara ya Likasi na Kolwezi, nyuma ya malori ya madini.

Gari na yaliyoongezwa

Gari ni Land Cruiser HZJ76, ile ya milango minne na bodi iliyofungwa, yenye injini ya 1HZ: dizeli ya silinda sita, lita 4.2, isiyo na turbo, yenye pampu ya nozeli ya kimakanika. Ni injini inayojulikana kwa uvumilivu kuliko kwa kasi, na sifa hiyo itakuwa na maana baadaye katika hesabu hii.

Lilikuja na matairi membamba ya 7.50R16. Garaji iliyatoa na kuweka matairi ya matope ya 315/75R16 juu ya rimu pana, na ili yaweze kuzunguka bila kugusa bodi, springi na shokapu zilibadilishwa na gari likapandishwa sentimita tano. Mbele liliwekwa ngao ya chuma yenye winchi. Bomba la kuvutia hewa lilipandishwa hadi usawa wa paa. Juu ya paa ilifungwa keria ndefu, ikabebeshwa tairi la akiba na bidoni nne za mazutu, ambazo mara nyingi zilisafiri tupu hadi Kolwezi na kurudi. Betri ya pili iliongezwa kwa ajili ya winchi. Tulipolipitisha kwenye mizani, lilikuwa zaidi ya kilo 300 juu ya gari pacha la kampuni hiyohiyo, ambalo halikuguswa na ambalo hufanya kazi za mjini tu.

Gari hilo pacha lilitusaidia kuliko chombo chochote. Lita 75 za mwenye gari zilikuwa za kumbukumbu na za risiti za zamani, na kumbukumbu ya mtu aliyekasirika haifai kuwa kipimo. Tuliomba magari yote mawili yaende Kolwezi siku moja, yakijazwa kwenye pampu ileile, yakisimama pale pale, mazutu yakimiminwa polepole hadi shingoni mwa tangi ili povu lisidanganye. Pacha alirudi na lita 76. Gari letu lilirudi na 97. Kwa kuwa foleni, upepo, joto na vituo vya ushuru vilikuwa vilevile kwa wote wawili, hayo yote yaliondoka kwenye orodha ya washukiwa. Kusubiri mbele ya malango ya migodi injini ikiunguruma, jambo ambalo kwa dizeli ya ukubwa huu hula takriban lita moja kwa saa, nako kuliondoka, maana yalisubiri pamoja.

Inafaa kusema pia kwa nini tulipima kwenda na kurudi, si kwenda tu. Kolwezi iko juu ya Lubumbashi kwa takriban mita 200. Kuliinua gari la karibu tani tatu kwa kimo hicho hula kama nusu lita, ambayo sehemu yake hurudi wakati wa kuteremka. Anayepima upande mmoja tu atasema Kolwezi ni mbali kuliko ilivyo.

Kilomita 50 zilizopotea

Hizi ndizo zilizopatikana kwanza, na kwa kweli zingeweza kupatikana bila kutoka nje ya depo. Kipima kilomita cha dashibodi hakiioni barabara. Kinahesabu mizunguko ya shafti inayotoka kwenye giaboksi, kisha kinadhani kwamba kila mzunguko wa gurudumu ni urefu uleule uliopangwa kiwandani. Tairi la 7.50R16 lina kipenyo cha takriban sentimita 80.6. La 315/75R16 mtu anaweza kulikokotoa mwenyewe kwa namba zilizoandikwa ubavuni: asilimia 75 ya milimita 315 ni milimita 236 za ubavu, mara mbili kwa sababu kuna ubavu wa juu na wa chini, kisha inchi 16 za rimu ambazo ni milimita 406, na jumla ni karibu sentimita 88. Kila mzunguko mmoja, gurudumu jipya linakwenda mita 2.76 mahali ambapo la zamani lilikwenda 2.53. Hizo sentimita 23 za ziada hazihesabiwi na chombo chochote ndani ya gari.

Tulizihesabu kwa simu. Kati ya Lubumbashi na Likasi simu, kwa kutumia setilaiti, ilisoma kilomita 120. Dashibodi ilisoma 110. Tofauti ni asilimia tisa, sawa na hesabu ya matairi. Ukizidisha zile 550 za daftari kwa 1.09 unapata 600, nazo ndizo kilomita za Kolwezi kwenda na kurudi. Dereva alikuwa amefika kila mara.

Jambo hili lilibadilisha sura ya shauri zima. Mwenye gari alikuwa amegawanya lita 97 kwa kilomita 550 na kupata lita 17.6 kwa kila kilomita mia, huku kiwango cha zamani kikiwa 12.5. Ukigawanya kwa kilomita za kweli unapata 16.2. Karibu lita moja na nusu ya kile alichokiita wizi haikuwahi kuwepo duniani. Ilikuwa kosa la kugawanya. Lakini hesabu hiyo haikumsafisha dereva moja kwa moja, kwa sababu lita 22 za ziada kwa safari zilikuwa za kweli. Ziliingia tangini, zikalipiwa, na hazikurudi. Zilihitaji maelezo yao.

Kasi ambayo dereva hakujua kwamba anaikimbia

Spidomita inasoma shafti ileile. Kwa hiyo dereva aliposhika 90 kwenye dashibodi, gari lilikuwa linakwenda 98. Mtu huyu ni mwangalifu, na alituambia kwa fahari kwamba tangu gari lipandishwe ameshika mwendo uleule wa zamani ili asiliumize. Alikuwa mkweli kwa kadiri ya alichokiona mbele yake.

Ukinzani wa hewa hauongezeki sambamba na mwendo. Unaongezeka kwa mraba wake. Asilimia tisa za mwendo ni asilimia 19 za ukinzani wa hewa. Kwa gari lenye uso wa mbele ulionyooka kama Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ambalo hata likiwa jipya haliwezi kusemwa kwamba linapenya hewa vizuri, hewa ndiyo inayokula sehemu kubwa ya mazutu mara tu mwendo unapopita 80 hivi. Asilimia 19 za sehemu kubwa si jambo dogo.

Hapa nitaweka kipimo kimoja ambacho tulikitumia mpaka mwisho, kwa sababu kinamwezesha mtu yeyote kupima kila nyongeza kwa lugha ya lita. Lita moja ya mazutu ina nishati ya takriban megajuli 36. Injini ya aina ya 1HZ, baada ya joto, msuguano na meno ya giaboksi kuchukua chao, hufikisha kwenye magurudumu robo ya nishati hiyo au kidogo zaidi, yaani megajuli tisa au kumi. Megajuli kumi ndiyo kazi ya kushinda ukinzani wa nyutoni 100 kwa kilomita mia moja. Kwa hiyo kila nyutoni 100, ambazo ni sawa na kilo kumi za kitu kinacholivuta gari nyuma bila kupumzika, ni takriban lita moja kwa kilomita mia. Si kanuni ya maabara, lakini inatosha kumaliza ugomvi wa depo.

Kwa kipimo hicho, kutoka 90 hadi 98 bila kujua kunagharimu karibu lita moja kwa kilomita mia. Ni lita sita kwa safari nzima, na hata tone moja la hizo halikuhitaji nyongeza yoyote ya uzito. Matairi yalifanya hivyo kwa kuidanganya sindano tu.

Keria, uzito, na mahali gari linapokwenda

Watu wengi tuliozungumza nao garajini, wakiwemo mafundi wazuri, walielekeza kidole kwenye uzito kwanza. Kilo 300 ni nyingi, zinaonekana, na mtu akizibeba anazisikia. Lakini kwenye lami tambarare uzito unalipiwa kupitia ukinzani wa matairi kubingirika peke yake, na ukinzani huo ni takriban asilimia moja na nusu ya uzito. Kilo 300 zinazaa kilo nne na nusu za ukinzani. Kwa kipimo chetu ni chini ya nusu lita kwa kilomita mia. Hilo ni jambo ambalo mwenye gari hakulikubali hata tulipolionyesha kwa karatasi, na namwelewa, kwa sababu alikuwa amelipia ngao ile kwa kilo.

Keria ni kinyume chake. Ina uzito mdogo kuliko ngao na winchi kwa pamoja, lakini inasimama kwenye upepo: tairi la akiba lililolala, bidoni nne zilizosimama, vyuma vya mraba, kamba. Kwa mwendo wa 98 vitu hivi huzaa ukinzani wa kilo kumi hivi vyenyewe. Lita moja kwa kilomita mia, au zaidi kidogo. Bidoni tupu hugharimu karibu sawa na bidoni zilizojaa, kwa sababu upepo hauulizi kilichomo ndani.

Ukilipeleka gari hilohilo kwenye udongo, nafasi zinabadilishana. Mwendo kwenye barabara ya mashimo na mchanga ni 50, na mara nyingi chini ya hapo. Nusu ya mwendo ni robo ya ukinzani wa hewa, kwa hiyo keria ile iliyokuwa inakula lita nzima sasa inakula robo lita, kiasi ambacho hakuna pampu ya mazutu itakayokionyesha. Uzito, kwa upande mwingine, unaamka. Kwenye udongo laini ukinzani wa kubingirika unaweza kuwa mara mbili au tatu ya ule wa lami, na kila shimo linamlazimisha dereva kupunguza mwendo kisha kuliondoa tena gari zima na mzigo wake. Kilo 300 zilizokuwa chini ya nusu lita sasa ni lita moja na zaidi.

Tulilithibitisha hili kadiri barabara ilivyoruhusu. Upande wa Kasenga, keria ikiwa juu au ikiwa imeachwa depo, lita hazikutofautiana kuliko zinavyotofautiana kwa kawaida kati ya siku kavu na siku ya mvua. Nakubali kwamba kipimo cha huko ni kibovu. Sehemu ya mazutu hununuliwa kwa bidoni, na bidoni ya muuzaji wa kando ya barabara inayoitwa ya lita 20 si lazima iwe na lita 20. Lakini kama keria ingekuwa inagharimu huko kile inachogharimu kwenye lami, ingeonekana hata kwa kipimo kibovu.

Hili ndilo ninaloliona kuwa kiini cha kisa chote. Swali la "nyongeza hii inakula kiasi gani?" halina jibu mpaka useme inakula wapi. Gari hili lilivalishwa kwa ajili ya Kasenga na linalipiwa kwenye barabara ya Kolwezi, yaani linabeba keria mahali ambapo keria ni ghali na uzito ni rahisi, huku mwenye gari akilalamikia uzito na kuisifu keria.

Matairi yenyewe

Ukubwa wa tairi tumeshausema. Aina yake ni jambo jingine. Tairi la matope lina kashata, yaani vinundu vya mpira, ndefu zilizoachana, na kila kashata inapogusa lami inapinda, inajikunja, kisha inajinyoosha. Kazi hiyo yote inageuka kuwa joto na kelele. Kwenye matope nafasi zile kati ya kashata ndizo zinazojisafisha na kushika. Kwenye lami hazina kazi isipokuwa kuvuma.

Tulipopima upepo wa matairi tulikuta baa 1.8 kwenye magurudumu yote manne. Ni upepo wa mchanga na matope. Ulikuwa umepunguzwa kwa busara njiani kwenda Kasenga na haukurudishwa. Kwa gari la uzito huu juu ya lami, 2.6 ndio ulioleta ulikaji wa kashata ulio sawa, pembeni na katikati. Ukiweka kiganja ubavuni mwa tairi baada ya kufika Likasi, tofauti kati ya 1.8 na 2.6 haihitaji kuelezwa: moja huvumilii kuligusa kwa muda mrefu, jingine ni vuguvugu tu. Joto lile ni mazutu.

Habu za mbele, zile zenye kitufe cha kuzungusha kwa mkono kinachounganisha magurudumu na shafti za mbele, nazo zilikuwa zimefungwa tangu safari ileile ya udongo. Gari halikuwa kwenye magurudumu manne, lakini shafti za mbele na meno ya difu ya mbele vilikuwa vinazungushwa bure kwa mamia ya kilomita. Gharama yake ni ndogo, pengine sehemu ya kumi ya lita kwa kilomita mia, ila ni gharama inayoondolewa kwa kuinama mara mbili.

Kuna dai moja linalosikika sana, kwamba tairi kubwa huokoa mazutu kwa sababu injini inazunguka polepole kwa mwendo uleule. Linaweza kuwa kweli kwa injini yenye nguvu ya ziada. Kwa 1HZ si kweli, na hasa si kweli Katanga. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 za kimo, kwa hiyo Lubumbashi, kwenye takriban mita 1,200, tayari imepoteza zaidi ya sehemu ya kumi. Tairi kubwa hupunguza tena nguvu inayofika barabarani kwa asilimia nane. Matokeo yake dereva anapotaka kulipita lori refu la madini hurudi gia ya nne, anakanyaga mpaka chini, na moshi mweusi unaoonekana kwenye kioo cha nyuma ni mazutu yaliyokosa hewa ya kuungua. Tiba ya kweli ya hapo ni kubadili meno ya difu, ya mbele na ya nyuma kwa pamoja, kwa uwiano mfupi wa asilimia tisa hivi. Nguvu ingerudi, na kwa kuwa kipima mwendo kinasoma shafti iliyo kabla ya difu, sindano nayo ingeanza kusema kweli. Bei yake iliwafanya wote waliokuwa mezani wanyamaze, na hatukuliendeleza.

Bomba la hewa

Nalitaja kwa sababu ya pampu ya nozeli. Kwenye injini za kisasa kompyuta hupima hewa inayoingia na kupunguza mafuta hewa ikipungua. Pampu ya kimakanika haipimi hewa hiyo. Inatoa mazutu kadiri ya kanyagio, na chujio likiziba kwa vumbi, mazutu yanaendelea kuja na hewa haiji. Bomba lililopandishwa haliongezi nguvu kama wauzaji wanavyopenda kusema. Faida yake ni kuvuta hewa mahali penye vumbi kidogo zaidi, ili chujio liishi muda mrefu.

Ila hapa kiungo kati ya bomba na nyumba ya chujio kilikuwa kimezibwa kwa silikoni iliyopasuka. Nilipitisha kidole ndani ya bomba, upande wa baada ya chujio, upande unaopaswa kuwa safi, na kidole kikatoka chekundu. Kwa mazutu hilo lina athari ndogo, lakini kwa silinda ni sumu ya polepole. Kiungo kilibadilishwa na chujio likawekwa jipya kabla ya kitu kingine chochote.

Kilichofanyika, hatua kwa hatua

Tulikataa kubadilisha kila kitu siku moja, ingawa mwenye gari alitaka hivyo. Kila hatua ilipewa zaidi ya safari moja, na tofauti iliyo chini ya lita mbili hatukuihesabu kama tofauti.

Upepo uliporudishwa kwenye 2.6, habu zikafunguliwa na chujio jipya likawekwa, lita 97 zilishuka hadi 93. Keria iliposhushwa pamoja na bidoni zake, na tairi la akiba likahamia ndani, zilishuka hadi 86. Kisha tulibandika utepe mwekundu kwenye kioo cha spidomita kwenye alama ya 82, tukamwambia dereva kwamba hapo ndipo ilipo 90 ya kweli, na asivuke isipokuwa anapopita lori. Safari zilizofuata zilirudi na lita 80 au 81.

Zilizobaki, lita nne au tano juu ya gari pacha, zinatosha kuelezwa na kashata za matope pamoja na uzito wa ngao, winchi na betri. Hakuna kilichobaki cha kumpa Kadhafi. Mwenye gari alirudisha makato ya mshahara, bila hotuba, kwenye malipo ya mwezi uliofuata.

Kuhusu mapendekezo yetu, alikubali mengine na mengine alikataa. Tulimshauri ayabadilishie magari kazi: pacha, ambaye tayari yupo na hahitaji spana hata moja, aende Kolwezi, na hili lililovalishwa likae mjini likisubiri safari za Kasenga, maana mjini kilomita ni chache. Alikataa. Gari lenye ngao na matairi makubwa, alisema, ndilo linalotakiwa kuonekana mbele ya lango la mgodi, na lita tano kwa safari ni bei ya kuonekana. Ni hesabu ya biashara, si ya injini, na sina sababu ya kuibishia. Alikubali, hata hivyo, kwamba matairi haya yakiisha atanunua 285/75R16 yenye kashata zisizo kali sana. Yanakaa kwenye rimu zilezile, kipenyo chake ni karibu sentimita 83.4, na kosa la kipima kilomita litashuka kutoka asilimia tisa hadi tatu na nusu hivi.

Keria sasa imetundikwa kwa puli kwenye paa la depo. Watu wawili huishusha juu ya gari na kuifunga kwa boliti sita kabla ya safari ya udongo, na kuipandisha gari likirudi. Daftari la gari limeongezwa safu ya kilomita zilizozidishwa kwa 1.09 na nyingine ya upepo wa matairi siku ya kuondoka. Kiwango cha Kolwezi kimewekwa kati ya lita 79 na 83. Safari ikizidi 85 dereva anaulizwa, lakini kabla ya kuulizwa anayeuliza anatakiwa kwanza apime upepo, aangalie habu, na atazame kama kuna mtu aliyeacha keria juu.